Mjerumani Katika Nyumba ya Simeon arap Serem

Ukimuuliza mtu yeyote pale shuleni, upande wa Chepkoilel, kazi ya Simeon arap Serem ni nini, atakwambia ni kuosha chupa za maabara. Ukimuuliza Simeon mwenyewe, tafuta kwanza mahali pa kukaa.

Ni kweli aliajiriwa kuosha chupa. Aliosha chupa, akawasha majiko ya gesi, akawarudisha ndooni vyura waliotoroka siku moja kabla ya mtihani. Lakini kwenye pembe ya ile maabara palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake ndege thelathini na wanane waliokaushwa wakajazwa pamba. Aliyewakausha alikuwa mkulima mzungu wa kule Ainabkoi. Uhuru ulipokuja akauza shamba, akauza trekta, akauza mpaka milango, lakini ndege waliokufa hakupata wa kuwanunua. Akawaachia shule. Nondo wakala manyoya, panya wakala lebo, na kwa miaka mingi ndege wale wakakaa pale bila majina, kama watu waliopoteza vitambulisho.

Halafu akaja Mwalimu Walubengo wa bayolojia, mtu wa miwani minene na maneno machache. Alitazama kabati, akamtazama Simeon, akasema, "Mzee, wewe una mwandiko mzuri kuliko wangu. Chukua kitabu hiki, uwaandikie hawa lebo mpya. Wiki mbili zitakutosha."

Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Sasa tuko themanini na tano, na Simeon bado hajamaliza.

Kosa alilofanya ni moja tu: aliuliza. Alikuwa amenakili majina matatu, akasimamisha kalamu. "Mwalimu, haya majina yana maana, ama ni sauti tu?"

"Yana maana, Mzee. Ni Kilatini, mengine Kigiriki."

"Na ndege wa Uasin Gishu alibatizwa Kigiriki na nani?"

Mwalimu Walubengo akacheka, akamletea kamusi kubwa iliyokuwa ikizuia mlango wa maktaba usifungwe na upepo. Tangu siku hiyo mlango wa maktaba unajifunga wenyewe, na Simeon akawa mtu mwingine.

Alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza akaandika Balearica regulorum, yule korongo mwenye taji la nywele za dhahabu anayecheza mashambani wakati wa kupanda mahindi. Regulorum, kamusi ikasema, ni "wa wafalme wadogo". Hapo Simeon akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndege mwenye taji, sawa. Lakini Balearica maana yake ni wa visiwa vya Baleari, kule Hispania. Simeon hakulala. Pale kwao kuna ukoo mzima ambao mnyama wao ni korongo huyo. Mtu wa ukoo huo hawezi kumrushia hata kokoto. Jumamosi akatembea mpaka kwa Mzee Kiprono, mkubwa wa ukoo, akamuuliza kwa heshima kama labda zamani sana walitoka Hispania.

"Mimi?" Mzee Kiprono akasema. "Mimi nimetoka kukamua."

Ikabidi Mwalimu Walubengo amweleze. Warumi wa kale waliandika habari za korongo fulani wa visiwa hivyo. Wataalamu waliokuja baadaye wakalichukua jina wakamvisha ndege wa Afrika ambaye hajawahi kukanyaga huko hata siku moja.

"Basi ni kosa," akasema Simeon. "Lifutwe."

"Halifutwi, Mzee. Hiyo ndiyo sheria yao. Jina likishatolewa likaandikwa, la kwanza ndilo linashinda. Hata kama ni la uongo."

Sheria hiyo ilimwingia Simeon moyoni kuliko hata sheria za kanisa. Aliihubiri kila mahali. Alimwonyesha kila mtu Apus apus, yule ndege anayefanana na mbayuwayu ambaye karibu hatui chini maisha yake yote. Apus ni "asiye na miguu". Kwa hiyo jina lake lote ni "hana miguu, hana miguu", na miguu anayo, miwili, mifupi, Simeon ameihesabu. Alimwonyesha kila mtu Corvus albus, "kunguru mweupe", ambaye ni mweusi tii isipokuwa fulana. "Huyo aliyempa jina alimwona kifua tu," Simeon angesema, "lakini hawezi kulirudisha." Hudihudi ni Upupa epops: Kilatini cha hudihudi, kisha Kigiriki cha hudihudi, na yote mawili ni mlio wake mwenyewe. Kwa hiyo ndege huyo alijibatiza.

Wanafunzi walimpenda kwa hayo, na walimchokoza kwa hayo. Mvulana angepita na kichwa chake kirefu, amwite dirishani, "Mzee, na mimi jina langu la kisayansi?" Simeon angemtazama bila kucheka. "Wewe ni Leptoptilos crumeniferus." Kijana angeondoka akitamba, mpaka afike kwenye kabati akute lebo hiyo chini ya korongo mfukoshingo mwenye upara, na chini yake, kwa mwandiko mzuri: mbeba kibeti.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mkewe, Jepkosgei, alikuwa amezoea kula akisomewa. Siku moja alisimama mlangoni na kuku mkononi na kisu mkono wa pili.

"Baba Paul, na huyu anaitwaje, kabla sijamchinja?"

"Gallus gallus."

"Maana yake?"

"Jogoo jogoo."

Jepkosgei akamtazama kuku, akamtazama mumewe. "Na hao watu walisoma miaka mingapi?"

Mtu mmoja tu katika nyumba hiyo hakucheka mambo ya majina, naye ni mama yake Simeon, Kogo Jelagat. Kogo ni bibi, na huyo alikuwa bibi wa kila mtu pale mtaani. Alikuwa amepita miaka themanini, macho yana ukungu, masikio yanasikia nyasi zikiota. Kwake jina halikuwa mchezo. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto akizaliwa wanawake wazee humkalia karibu, wakaita majina ya waliokufa wa ukoo huo, moja baada ya jingine, na kumnusisha ugoro kidogo. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likiitwa, huyo ndiye aliyerudi. Chafya ndiyo sahihi. Mchungaji hakuyapenda mambo hayo, kwa hiyo mchungaji hakuambiwa. Mtoto alipigishwa chafya Jumamosi, akabatizwa Jumapili, na kila mtu akala chakula cha pande zote mbili.

Kogo Jelagat alikuwa anamngoja mtu. Mume wake, Serem, alikufa mwaka mmoja baada ya Uhuru, ghafla, asubuhi, akifunga kamba ya kiatu. Tangu hapo watoto wanne walizaliwa katika nyumba hiyo, na mara zote nne Kogo aliita "Serem" wa kwanza kabisa. Serem hakuja. Alikuja shangazi yake Serem. Alikuja mjomba aliyekuwa mwizi wa asali. Na yule ndugu yake Serem ambaye Kogo hakuwahi kumpenda, huyo alikuja mara mbili.

Kwa hiyo Chepkoech, mke wa Paul, mtoto wa Simeon, alipojifungua mtoto wa kiume mwezi wa saba mwaka huo, mama mzee alimwita Simeon kando, akamshika mkono.

"Huyu ndiye wangu wa mwisho kuita," akasema. "Nimechoka, Simeon. Nataka huyu awe baba yako."

"Atakuwa, mama."

"Usiniambie atakuwa. Wewe kaa mbali tu. Wanaume hawatakiwi."

Simeon alikaa mbali. Jumamosi hiyo alikwenda na kigoda chake mpaka zizini, akachukua karatasi ya majina ya ndege, kwa sababu Jumatatu bwana D.O., ofisa wa serikali wa tarafa, alikuwa anakuja kuitembelea shule na Mwalimu Walubengo alitaka Simeon mwenyewe alieleze kabati. Lakini kusema kweli, hakuyahitaji mazoezi. Majina yale angeyasema usingizini. Alitaka tu kitu cha kujaza masikio. Hakutaka kusikia mama yake akimwita baba mara ya tano na kukosa.

Ndipo mvua ikaja. Na mvua ya Eldoret haibishi hodi. Ilimkuta katikati ya Sagittarius serpentarius, ikamfukuza kutoka zizini, na mahali pa karibu pakavu palikuwa chini ya upenu wa nyumba ya Kogo, chini kabisa ya dirisha. Mabati yalinguruma kama lori la mawe. Ndani, wanawake walikuwa wanapaza sauti ili mtoto asikie. Nje, Simeon naye akapaza sauti ili asiwasikie.

"Serem!" ndani.

"Milvus migrans!" nje.

"Serem! Ingia, Serem!"

"Bostrychia hagedash!"

Ndani walikuwa watatu: Kogo, Jepkosgei, na Chepkoech amempakata mtoto. Kogo alikuwa ameita mara sita. Mtoto alikunja pua. Akafungua mdomo, akaufunga. Chepkoech akashika pumzi. Na hapo hapo, kama mtu amezima mashine, mvua ikakatika. Kimya kikaanguka juu ya nyumba, na katikati ya kimya hicho sauti ya Simeon, bado ina nguvu ya kushindana na mabati, ikapasuka dirishani:

"GYPS RUEPPELLI!"

Mtoto akapiga chafya.

Maji yalidondoka kwenye pipa, tone, tone. Halafu dirisha likafunguka na kichwa cha Jepkosgei kikatokea, taratibu, kama kichwa cha kobe.

"Simeon," akasema. Hakusema Baba Paul. "Wewe umemwita nani?"

Aliingizwa ndani amelowa mabega, karatasi mkononi, akasimama karibu na mlango kama mwanafunzi aliyechelewa. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, anatazama paa. Kogo Jelagat alikuwa ameweka kopo la ugoro chini.

"Ilikuwa ya Serem," Jepkosgei akaanza haraka. "Kogo, mtoto alishaanza kukunja pua. Chafya ilikuwa njiani. Huyu Simeon ameidandia tu!"

"Na sheria ni hiyo," Simeon akadakia, akiona mlango wa kutokea. "Mama, aliyeitwa kwanza ndiye anashinda. Hata Mwalimu atakwambia. Baba aliitwa kwanza!"

"Hiyo ni sheria ya ndege," akasema Kogo. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilimtisha Simeon. "Hapa ni jina lililotangulia chafya. Mimi nimemwita Serem mara sita, hakuja. Wewe umemwita mtu mara moja, amekuja. Nieleze ni nani."

"Ni... ni tumbusi, mama."

Chepkoech akamvuta mtoto kifuani. "Tumbusi!"

"Hapana, sikiza. Gyps ndiyo tumbusi. Ni neno la Kigiriki, ni kama jina la ukoo. Mtoto hakupigia chafya hilo. Alipigia la pili."

"Na la pili ni nini?"

"La pili ni la mtu. Rueppell. Alikuwa Mjerumani."

Jepkosgei akaketi kwenye kitanda. "Afadhali tumbusi," akasema.

Lakini Kogo aliinua kidole. Jina la mtu lilibadilisha mambo. "Huyo Rupeli amekufa?"

"Amekufa, mama. Mwaka wa elfu moja mia nane themanini na nne."

"Ni kitambo gani hicho?"

"Miaka mia moja na mmoja."

Kogo akatoa mluzi mdogo kupitia nafasi ya meno. "Na alifikaje kwa tumbusi?"

Basi Simeon, pale pale mlangoni, akatoa hotuba aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya bwana D.O. Alieleza kwamba Rueppell alizaliwa Frankfurt, akaacha mambo ya kwao akatembea Misri, Sudan na Uhabeshi, akikusanya wanyama na ndege ambao wenzake hawajawahi kuwaona. Kwamba wataalamu wakitaka kumheshimu mtu hawampi ng'ombe. Wanachukua kiumbe wanampa jina la mtu huyo. Mjerumani mwingine, Brehm, ndiye aliyemwandika huyu tumbusi. Na asidharauliwe, maana hakuna ndege anayeruka juu kumshinda. Mmoja aligongana na eropleni huko Afrika Magharibi, mahali ambapo hata rubani hakutarajia kukuta mtu.

"Hilo jina ni la tumbusi peke yake?" Kogo akauliza.

"Hapana. Kuna kwera wake. Kuna kasuku wake. Kuna mpaka mbweha wa jangwani."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Watoto wake, Simeon! Wa kumzaa!"

Simeon akafikiri. Akakumbuka ule ukurasa, mstari kwa mstari. "Kitabu hakisemi, mama."

"Kama kitabu kimetaja mbweha na hakikutaja mtoto, hakuwa naye." Kogo akamgeukia Jepkosgei, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Unaona? Huyo hana mtu wa kumwita. Miaka mia amekaa nje. Amejaribu kwa kwera, amejaribu kwa kasuku, hata kwa mbweha. Halafu huyu mtoto wangu mpumbavu anasimama chini ya dirisha anamwita kwa sauti ya kuamsha kijiji."

Hakuna aliyejua kama acheke. Mtoto alipiga mwayo.

Palikuwa na njia moja. Kama jina si lake, mtoto atalia. Atalia bila sababu, atakataa ziwa, na hapo wazee huketi tena na kuita upya. Kogo aliamua: watangoja. Akilia, Mjerumani ataombwa atoke kwa heshima na Serem ataitwa tena. Asipolia, basi.

Hivyo ndivyo nyumba ya Simeon arap Serem ilivyokuwa nyumba pekee katika Uasin Gishu nzima ambamo watu walikuwa wanaomba mtoto mchanga alie.

Hakulia. Jumapili alibatizwa Jackson. Mchungaji alimmwagia maji baridi yaliyotoka kisimani asubuhi ile, familia nzima ikainama mbele kwa matumaini, na mtoto akalamba yale maji. Usiku alilala kama gunia. Asubuhi alinyonya akashiba akanyonya tena. "Analia?" Kogo aliuliza kutoka kitandani kwake kila alipoamka. "Hajalia, Kogo." "Mm." Na hiyo "mm" ilimchoma Simeon kuliko matusi.

Jumatatu bwana D.O. alikuja na beji ya chama kifuani na askari wawili. Simeon alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alianza vizuri. Lakini kwenye korongo bwana D.O. akasoma lebo kwa makini, akauliza, "Hawa wafalme wadogo ni akina nani?" Mwalimu mkuu akakohoa. Mwalimu Walubengo akaanza kufuta miwani. Ilikuwa miaka ambayo swali kama hilo lingeweza kumpeleka mtu mbali.

"Ni nywele tu, bwana D.O.," akasema Simeon. "Ni hizo nywele za kichwani."

Bwana D.O. akaridhika, wakasogea. Wakafika kwa tumbusi, amekunja shingo, jicho la kioo limelegea. Simeon akafungua mdomo na jina likakataa kutoka. Miaka kumi na moja hajawahi kusahau lebo hata moja, na hakuwa amesahau. Aliliona limeandikwa, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kulitamka hadharani, mbele ya watu na askari, ilikuwa kama kumwita mtu wa nyumbani.

"Na huyu?" akauliza bwana D.O.

"Huyu," akasema Simeon, "ni mjukuu wangu."

Walicheka mpaka askari akashika ukuta. Kufika saa nne wanafunzi wote walikuwa wamepata habari, na tangu siku hiyo hakuna anayemwita Simeon kwa jina lake. Wanamwita Babu Tumbusi, naye anaitika.

Jumatano hakuvumilia. Aliporudi kutoka kazini alimkuta mtoto peke yake kitandani, Chepkoech yuko kisimani, Kogo anasinzia juani. Simeon akaingia kwa vidole vya miguu. Mpango wake ulikuwa mdogo sana, hata dhambi yenyewe isingezidi ukubwa wa punje. Angemfinya kidogo. Mahali pa mafuta, kwenye paja. Mtoto angelia, Kogo angesikia, na mambo yangenyooka. Akanyoosha mkono, kidole gumba na cha shahada vikiwa tayari kama mdomo wa ndege. Mtoto akamtazama. Kisha akakikamata kile kidole cha shahada, chote, akakishika kwa nguvu, kama mtu aliyepanda gari bovu.

"Unafanya nini na hicho kidole?" Jepkosgei alikuwa mlangoni.

"Namsalimia."

"Kwa kumfinya?"

"Sikumfinya!"

"Najua hukumfinya. Mimi mwenyewe nilijaribu jana." Akaketi karibu naye, na wote wawili wakawa wanamtazama yule mtoto anayekataa kusaidiwa. "Baba Paul, mama hatapata mwingine wa kungoja."

"Najua."

"Sijui ungekuwa umesema kunguru, ingekuwaje."

"Kunguru hana mtu," akasema Simeon kwa huzuni. "Corvus albus. Hakuna mtu hapo."

Alhamisi alasiri jua lilikuwa limetoka vizuri. Simeon alirudi kwa njia ya nyuma, kupitia mahindi, na alipokaribia nyumba akasikia mama yake anaongea. Alikuwa ameketi kwenye ngozi, miguu imenyooshwa, mtoto amelazwa juu ya mapaja, na alikuwa anazungumza naye kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni aliyefika kutoka safari ya mbali.

"...mrefu," alikuwa anasema. "Lazima umemwona. Huko mlikotoka nyinyi wote mnakaa pamoja, ama Wajerumani wana upande wao? Mrefu, anaburuta mguu wa kushoto. Alivunjwa na ng'ombe. Akiongea anaangalia pembeni, lakini hana kiburi, ni haya. Kama umemwona, ungeniambia. Mimi sikasiriki kwamba hakuja. Mtu anaweza kuwa na kazi. Lakini amekula? Yule mguu bado unamsumbua wakati wa mvua?"

Simeon alisimama kwenye mahindi, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

Na hapo mtoto akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha kuomba ziwa. Kilikuwa kilio kamili, chenye koo, chenye miguu, uso umekuwa mwekundu kama udongo wa barabarani. Jepkosgei akatoka jikoni mbio, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. "Analia! Kogo, analia! Chepkoech! Leta ugoro, upesi, leta ugoro!" Chepkoech akatokea na kopo, amepoteza kiatu kimoja njiani. Simeon naye akatoka kwenye mahindi, hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya nini humo.

Kogo Jelagat hakuinuka. Alikuwa amemweka mtoto begani na kumpigapiga mgongo kwa kiganja.

"Ondoa hiyo," akamwambia Chepkoech.

"Lakini Kogo, analia. Ulisema akilia..."

"Nani amesema analia? Nimemuuliza, ananijibu." Akaendelea kumpigapiga. "Nyamaza, Rupeli. Pole pole. Hakuna mtu anakufukuza. Umeshaingia, kaa."

Wanawake wakatazamana. Jepkosgei akafuta macho kwa mkono wenye unga, akawa na nyusi nyeupe. Mtoto akaendelea kupaza sauti, maneno mengi, marefu, yote mfululizo, kama mtu aliyenyamaza miaka mia moja na mmoja.

"Simeon," akaita mama yake, bila kugeuza kichwa. "Njoo hapa. Wewe ndiye unajua lugha zao. Anasema nini?"

Sasa, Simeon arap Serem alijua Kilatini cha kabatini na Kigiriki cha manyoya. Kijerumani hakujua hata cha kuomba maji. Na katika miaka kumi na moja hakuwahi kuandika lebo ambayo hana uhakika nayo. Angeacha nafasi wazi kuliko kukisia. Akachuchumaa kando ya ngozi, akaweka sikio karibu na ule mdomo uliokuwa wazi, akasikiliza kwa muda mrefu, kwa makini, mpaka Kogo akamgusa kwa kiwiko.

"Anasema wamekutana," akasema Simeon.

"Eh."

"Anasema mzee anakula vizuri."

"Na mguu?"

Simeon akasikiliza tena.

"Mguu umepona," akasema.

Kogo akashusha pumzi, akamhamishia mtoto kwenye bega la pili. "Haya," akamwambia. "Sasa tuambie habari zako wewe."